Vidole vya Mang Terio

Karibu mwaka mzima Eleuterio Manalaysay, ambaye kijiji chote cha San Telmo, Ufilipino, kilimwita Mang Terio, alikuwa msuka kofia. Siku mbili za sikukuu ya kijiji alikuwa sauti. Aliketi katika shimo chini ya jukwaa, kichwa kikiwa usawa wa sakafu nyuma ya ubao, daftari la mchezo likiwa mbele yake, akiwasomea waigizaji kila mstari kabla hawajautamka. Hakuna aliyekariri kitu. Wafalme Wakristo na wafalme Wamoro, yaani Waislamu, walipigana, wakachumbiana na kufa kwa maneno aliyowapa yeye: mizani sita, pumzi, mizani sita.

Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na mitatu, kisha ikakaribia kumponyoka. Katika sikukuu moja kurasa mbili zilishikana kwa jasho, naye akanong'ona kwamba wangoje kidogo, karatasi imenata. Binti mfalme aliweka mkono kifuani, akamwambia mchumba wake angoje kidogo, karatasi imenata. Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi.

Kapitan Melanio, mdhamini wa sikukuu iliyofuata, hakutaka kichekesho. Mwanawe Crispulo ndiye angecheza mwana wa mfalme. Alimwita mzee nyumbani kwake, akamnywesha chai ya tangawizi, na kumweleza kwa adabu kwamba likisikika jambo lolote lisilomo daftarini, daftari litahamia kwa Lauro, mpwa wake yeye Kapitan, aliyesoma Manila.

"Umemjibu nini?" mkewe, Aling Pilang, alimuuliza.

"Nimesema chai ni tamu."

"Basi mwaka huu fumba mdomo."

"Nikifumba mimi, mama, wale juu watasema nini?"

Alasiri ya siku ya pili mambo yalikwenda vizuri. Lauro alikaa karibu na mjomba wake Kapitan, nakala ya mchezo mkononi, akifuatisha kwa kidole. Crispulo alikuwa na buti za kuazima zenye visigino vya mbao. Alipomfikia mfalme wa Wamoro aliyepiga magoti, alirudi nyuma hatua moja ili ainue upanga, akatua juu ya mkono wa kushoto wa Mang Terio, uliokuwa ukingoni mwa shimo ukishikilia ukurasa.

Mzee hakupiga kelele. Miaka ishirini na mitatu haikumwachia namna nyingine ya kusema akiwa mle shimoni:

"Mwana mtukufu, inua kiatu;
waponda vidole, vidole vya watu."

Crispulo akayapokea maneno hayo kwa sauti kubwa, upanga juu, bila kusogea. Mfalme wa Wamoro, aliyekuwa na akili zake, akatazama chini, akaisukuma ile buti. Bendi ikapiga. Wanawake wa benchi la mbele walifuta machozi ya huruma. Kapitan alipiga makofi mpaka pete yake ikaanguka.

Baada ya mchezo Kapitan na mpwa wake walikwenda shimoni. Mang Terio alikuwa amefunga vidole kwa leso, tayari ameliweka daftari juu ya ubao, likingoja kukabidhiwa kwa Lauro.

"Ule ubeti wa kiatu," Kapitan alisema. "Lauro anasema hauoni."

"Haumo, Kapitan."

"Ulikuwa wapi?"

Mzee akanyanyua mkono uliofungwa leso.

Lauro ndiye aliyecheka kwanza. Alisema yeye angepondwa vile angemtukana Crispulo, na Crispulo angelirudia tusi lote mbele ya padri. Kisha akauliza kama anaweza kuuandika ubeti ule mahali pake, kabla haujasahaulika.

"Andika," Kapitan alisema. "Wewe una mwandiko mzuri. Kusoma tumwachie mwenyewe."

Vidole vilipona kabla ya msimu wa kuuza kofia. Tangu hapo kila mwana wa mfalme wa San Telmo hurudi hatua moja mahali pale na kuamriwa ainue kiatu, na Mang Terio, daftari likiwa ukingoni, huweka mikono yote miwili mapajani.