Vifaranga wa Beseni

Susana wa Lambwe mtanie utakavyo, ila kuku wake wa shingo wazi, isiyo na manyoya, usiwaguse. Wa kwanza alipewa na marehemu mamake, mara ya kwanza aliporudi kwao kusalimia baada ya kuolewa. Waliofuata wote walikuwa ukoo wa yule mmoja. Halafu mwaka wa tisini na sita ugonjwa ukafagia kuku wa bonde zima la Lambwe, naye akabakiwa na tetea mmoja tu, aliyeatamia mayai matano.

Nguchiro wa huko hawana adabu, kwa hivyo Susana alimhamishia tetea ndani ya nyumba, katika beseni. Nyasi akazikataa, eti zinaleta utitiri. Akatandika mfuko wa nailoni, safi kabisa, akajisifu. Lo! Ujanja mwingi mbele giza.

Wakaanguliwa watatu. Kila walipojaribu kusimama, nailoni iliwatelezesha, mguu mmoja huku, mwingine kule. Siku ya pili walikuwa wamelala vifua chini, miguu imepanuka kama ya chura.

"Mama Mourine," mumewe Elkana akasema, "hao ni wa paka sasa."

"Baba Mourine, paka ataanza na wewe!"

Alijibu kwa ukali, lakini roho ilimuuma, maana kosa lilikuwa lake. Hao wakifa, na jogoo hakuna bonde zima, tetea akiondoka hakuna tena kitu cha mkono wa mamake katika boma lile.

Akatupa nailoni nje, akatandika gunia ili kucha zipate pa kushika. Kisha, bila kumwuliza mtu, akafumua uzi wa sufu kwenye mkono wa sweta ya Elkana, ile ya kanisani. Akawafunga miguu kwa ulegevu, akiacha nafasi ya kidole kimoja katikati. Maji akawapa tone kwa tone, na unga wa mahindi uliolowa.

Siku ya nne alifungua nyuzi. Wawili wakatembea. We! Susana alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alianguka palepale. Susana alimfunga tena, lakini alipokwenda mtoni alikuwa keshamlilia.

Aliporudi alimkuta Elkana amechuchumaa mlangoni, kifaranga kiganjani, anamnyweshea maji kwa ncha ya kidole. Miguuni palikuwa na uzi mpya, umefungwa vizuri kuliko ule wa Susana.

"Ule wako ulikatika," akasema, bila kuinua macho.

"Na huo umeutoa wapi?"

Elkana akanyoosha mkono wa pili wa sweta. Ulikuwa umefumuliwa hadi karibu na kiwiko.

Jumapili alikwenda kanisani na mikono mifupi, watu wakamcheka, naye akacheka nao. Nyumbani Susana alifungua uzi wa mwisho. Kifaranga akayumba, akakaa, akasimama, akamfuata mamake hadi uani na kashingo kake wazi.

"Mama," Susana akasema peke yake, machozi yakimtoka, "kuku wako wapo."