Gari Lililosukumwa Likiwa Zima

Nililiendesha gari lile peke yangu kutoka Kahama hadi Nyamisati, na njia nzima hiyo nilijaza tangi mara moja tu. Nataja hilo mwanzoni kwa sababu ndilo jambo la mwisho kuhusu gari lile lililowahi kuniridhisha bila mtu kuliingilia.

Kabla ya Kahama nilikuwa Tunduma, na kabla ya Tunduma nilikuwa Mbeya. Kila nilipokaa nilianza kupakumbuka nilipotoka. Tunduma niliota baridi ya Mbeya, Kahama nikaota vurugu za mpakani, na watu walichoka kunisikiliza. Nilipovuka miaka arobaini nikajiambia kwamba sasa nitakaa mahali pamoja hadi nizeeke. Mtu niliyewahi kufanya naye kazi akanipigia simu kutoka Mafia. Hoteli moja ndogo ya Utende, ndani ya hifadhi ya bahari, ilikuwa inatafuta dereva mwenye gari la haibridi la kubeba wageni kutoka uwanja wa ndege wa Kilindoni. Wageni wa hifadhi, alisema, hawapendi moshi. Dar es Salaam wakati huo kila dereva wa teksi alikuwa akiyasifu magari hayo, na mimi tayari nilikuwa nalo moja. Nikaona nimeitwa.

Pale Nyamisati gari lilipaswa kuvuka kwa boti la mbao la mizigo, pamoja na saruji na kreti za soda. Walitandika mbao mbili kutoka ufukweni hadi botini, nami nikaingia garini tayari kupanda.

"Washa gari, kaka," nahodha akasema.

"Limewaka."

"Limewaka wapi? Mbona sisikii kitu?"

"Sasa hivi linatumia betri. Injini itawaka yenyewe ikihitajika."

Akainama, akaweka sikio kwenye boneti kama mkunga, akasikiliza kwa muda. Kisha akawageukia vijana wake. "Gari bovu hili. Njooni."

Wakaja. Nikawaambia ni zima, wakaniambia nisione haya. Wakalisukuma juu ya zile mbao huku wakiimba wimbo wa kushushia chombo majini, nami nimekaa ndani nimeshika usukani wa gari zima linalosukumwa. Tulipofika Kilindoni watu wengine, ambao hawakuombwa na yeyote, wakalisukuma kulishusha. Sikujua bado kwamba hiyo ndiyo desturi ya pale. Chombo kikishushwa au kikipandishwa, aliye karibu huweka mkono, awe anakwenda sokoni au msikitini, na hakuna anayengoja kuombwa. Gari lililonyamaza njiani nalo ni chombo kilichokwama. Kwao halikuwa jambo la kujadili.

Nikapanga chumba Kiegeani, kando ya barabara ya lami iendayo Utende, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa analima mwani na kusokota kamba za makumbi ya nazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo alikuwa akiyarudia. Mbele ya nyumba yake, upande wa pili wa barabara, palikuwa na baraza la fundi baiskeli, na hapo ndipo wanaume wa mtaa walipokunywa kahawa. Kutoka barazani pale, kila gari lililopita lilitazamwa.

Shida ilianza siku ya kwanza ya kazi. Kwenye geti la hifadhi wageni hushuka kulipia kiingilio, na gari la haibridi likisimama injini hunyamaza. Walinzi wakasikia kimya kile, wakaacha vitabu vyao vya risiti, wakaja nyuma ya gari.

"Limezima, kaka?"

"Halijazima. Ndivyo lilivyo."

"Usijali, sisi majirani."

Wakasukuma. Gari, ambalo kila mara huanza kwa betri yake, likaondoka kimya, nao wakabaki nyuma wakipangusa mikono na kupongezana. Wageni walicheka, wakapiga picha. Mara ya kwanza nami nilicheka.

Ikawa kila siku. Nikisimama kumpisha mbuzi, watu wanasukuma. Nikisimama kuwapisha akina mama wenye magunia ya mwani, wanayatua magunia na kusukuma. Bampa ya nyuma, ambayo ni ya plastiki tu, ikaachia upande mmoja.

Nikaenda barazani kueleza. Nikawaambia kwamba ndani ya gari lile mna mashine mbili, moja ya petroli na moja ya umeme, na kwamba zinapokezana. Walinisikiliza vizuri sana.

"Mashine mbili katika nyumba moja," fundi baiskeli akasema. "Basi ni kama mtu mwenye wake wawili. Mmoja akinyamaza, ujue kuna jambo."

"Na leo zamu ya nani?" mwingine akauliza.

"Leo mume mwenyewe amelala barazani."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikangoja watulie, nikaanza upya, nikaeleza breki zinavyochaji betri, nikaeleza kimya maana yake nini. Fundi baiskeli akanihakikishia kwamba wamenielewa. Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya baraza lile lile kupisha punda, wakainuka wote wakasukuma.

"Nilidhani mmenielewa," nikasema kupitia dirishani.

"Tumekuelewa sana," fundi akajibu. "Lakini lilikuwa kimya."

Aliyenielewa mara moja alikuwa mwenye duka wa Kilindoni, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo, ambaye babu yake alikuwa akinunua mbata za nazi. Yeye aliuza petroli, na kuelewa kwake hakukumfurahisha. "Wewe mteja gani, sheikh?" aliniambia. "Unanunua petroli kama mtu anayenunua manukato." Hata hivyo alikuwa akitoka kila nilipokwenda, analizunguka gari, anachungulia ndani, anauliza betri inakaa wapi.

Meneja wa hoteli, mwanamke wa Arusha mwenye haraka, akaniita siku moja ofisini. Wageni walikuwa wameandika kwenye mtandao kwamba gari la hoteli yetu husukumwa kila kituo.

"Nilikuchukua ili tuonekane tunajali mazingira," akasema. "Sasa tunaonekana tuna gari bovu."

"Si bovu, mama. Watu tu ndio..."

"Sitaki kujua. Wageni wangu wakisukumwa tena, narudi kwenye Lendikruza la dizeli. Angalau linapiga kelele."

Kazi ile ndiyo iliyokuwa imenishika pale. Nilijijua. Nikiikosa, singedumu Mafia hata kwa mwezi, ningeanza kuota mahali pengine. Na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuota mahali pengine. Nilikuwa nimeanza kuzoea hata ukimya wa yule mama.

Kwa hiyo nikawa mkali. Walinzi wa geti niliwakemea. Akina mama wa mwani niliwapigia honi kabla hawajatua magunia. Siku moja mzee aliyekuwa ametoka kuswali aliweka viganja vyake viwili kwenye buti, nami nikafungua mlango nikapaza sauti: "Toeni mikono. Gari zima hili, mtaliharibu." Mzee akaondoa mikono, akaitazama kama vile imechafuka, akaenda zake.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye mkeka anasokota kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanasema unaringa."

"Siringi. Bampa imeachia, mama. Ni ya plastiki."

"Juzi walimsukuma mwalimu wa madrasa na pikipiki yake, hakupungukiwa kitu."

"Pikipiki ya mwalimu ilikuwa mbovu. Langu ni zima."

"Wanasema unaringa," akarudia. Kisha akanirushia kipande cha kamba. "Hiyo bampa ifunge. Na kwa kuwa gari lako linarudi tupu kutoka Utende, uwe unanibebea makumbi yangu."

Nikaifunga bampa kwa kamba ya makumbi. Na tangu hapo, kila niliporudi bila wageni, kiti cha nyuma kilijaa makumbi yake, yanayotoa nyuzi na vumbi kila mahali. Nilifagia, yakarudi. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwingine.

Ukali wangu ulifanya kazi. Watu waliacha kusukuma. Nilisimama getini kimya, walinzi wakaendelea kuandika risiti. Nilisimama kumpisha punda, baraza likaendelea na kahawa. Waliacha pia kunipungia mkono, lakini meneja alikuwa ameridhika, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo bei ya kueleweka. Nilianza hata kuulizia kiwanja.

Ndipo siku moja asubuhi nikawa nawapeleka wageni wawili, mume na mke wazee, kuwahi ndege yao. Tulipofika mbele ya baraza la fundi baiskeli, pembetatu nyekundu ya onyo ikawaka kwenye dashibodi, gari likapoteza nguvu, likasimama katikati ya barabara. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Hakuna kitu. Kimya kile sasa kilikuwa cha kweli.

Nikatazama barazani. Hakuna aliyeinuka.

"Limekufa," nikasema.

"Halijafa," fundi baiskeli akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye tairi alilokuwa akiziba. "Linatumia betri."

"Betri ndiyo iliyokufa."

"Basi litatumia ile mashine nyingine. Ulisema zinapokezana."

"Zote zimegoma. Naomba mnisaidie kusukuma."

Wakatazamana. Muuza kahawa akatikisa kichwa. "Kaka, usitujaribu. Ulituambia toeni mikono, tukatoa."

Hawakuwa wananikomoa. Hilo ndilo lililoniumiza. Walikuwa wamejifunza somo nililowafundisha, na sasa walikuwa wanalitii mbele yangu kama wanafunzi wazuri. Ikabidi nivuke barabara, niwaombe mmoja mmoja, huku yule mume akitazama saa yake dirishani. Mwishowe fundi baiskeli akaweka tairi chini.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hutatufokea?"

"Sitawafokea."

Wakaja wote, pamoja na yule mzee wa msikitini. Nilichotaka ni kulitoa gari barabarani tu, kwa sababu gari la aina ile, betri yake kubwa ikishakufa, haliwaki kwa kusukumwa hata ulisukume hadi Ras Kisimani, mwisho wa kisiwa. Niliwaambia hivyo. Lakini walikuwa wamenyimwa kazi hiyo kwa miezi, na wimbo ulikwisha kuanza. Walilipita baraza, wakaipita nyumba yetu, wakaelekea Kilindoni kati ya minazi, wakiwa na furaha ambayo sijaisahau. Wageni ndani walikuwa wanapiga makofi.

Bodaboda wawili ndio waliotuokoa. Waliwapakia wageni na mabegi yao, wakawafikisha uwanjani mlango wa ndege ukiwa bado wazi. Yule mke aliniandikia baadaye kwamba ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote za safari yao. Nilimwonyesha meneja ujumbe huo.

"Walisukumwa?" akauliza.

"Walisukumwa."

"Basi."

Lendikruza likarudi kazini wiki ile ile, na moshi wake.

Mwenye duka akalinunua gari langu likiwa limekufa. Akaleta fundi kutoka Dar es Salaam, ambaye alifungua kitundu cha hewa pembeni ya kiti cha nyuma, pale feni inapovuta hewa ya kupoza betri, akatoa bonge la nyuzi za makumbi kama kiota cha ndege. Betri ilikuwa imekosa pumzi. Wakaweka nyingine, gari likaondoka kimya kama zamani. Mama mwenye nyumba nilipomweleza alisema tu kwamba makumbi yake hayajawahi kuharibu baiskeli ya mtu.

Na sasa sikiliza. Mwenye duka alipoanza kuliendesha, hakuna aliyelisukuma. Katika muda mfupi kila mtu Kilindoni alikuwa anajua haibridi ni nini. Ofisa mmoja akaleta lake, kisha mwalimu akaleta, kisha ikaja bajaji ya umeme ambayo watoto waliikimbilia. Siku moja fundi baiskeli akaniita barazani, akanikalisha, akanipa kahawa.

"Unajua yale magari mapya," akasema, "ndani yana mashine mbili?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania.

"Zinapokezana," akaendelea. "Likinyamaza usidhani limezima."

Nikanywa kahawa yangu. Nilifanya kazi kidogo kwenye lori la nazi, lakini kila lilipopanda kilima liliunguruma nami nikakumbuka barabara ya Kahama. Nikaacha kuulizia kiwanja. Mama mwenye nyumba aliona kabla sijamwambia. "Unatazama nje sana," akasema, akarudia.

Siku ya kuondoka mwenye duka alikuja mwenyewe kunichukua Kiegeani, eti nisiende bandarini kwa bodaboda wakati gari langu lipo. Fundi baiskeli na mama nao wakapanda. Kilindoni aliacha lami akashuka hadi mchangani, anisogeze karibu na boti, na magurudumu yakazama. Injini ikawaka, ikalalamika, ikanyamaza.

Fundi baiskeli akashuka bila kusema neno, akaweka mikono nyuma. Wabeba mizigo wakaja. Hata mama akaweka kiganja kimoja, kwa heshima ya jambo lenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na begi langu, nikitazama boti.

Mwenye duka akatoa kichwa dirishani. "Mbona unasimama kama mgeni? Sukuma."

Nikaweka begi mchangani. Bampa ilikuwa bado imefungwa kwa ile kamba ya makumbi, nikaishika hapo hapo. Tukasukuma. Gari likachomoka, likapanda kuelekea lami kwa betri, bila sauti, wala hakuna aliyeligeukia tena.

Fundi baiskeli akapangusa mikono kwenye kikoi chake. "Safari hii lilikuwa limekwama kweli," akaniambia, taratibu, kama anayehakikisha nimeiona tofauti.

Nikamwambia nimeiona. Nikachukua begi langu, nikapanda boti na mchanga wao ndani ya viatu.