Mbali na Rasi

Nilizaliwa Tindiga, katikati ya majaruba ya mpunga, na hadi natimiza miaka ishirini na mbili sikuwa nimeiona bahari. Maji niliyoyajua yalikuwa ya kahawia: ya mto, ya mfereji, ya madimbwi ya masika. Kuogelea nilijifunza kwenye mfereji mkubwa nyuma ya shamba letu, nikimfuata baba alipokuwa akizibua majani yaliyoziba njia ya maji. Mama alifariki nikiwa mdogo na sikuwa na kaka wala dada, kwa hiyo popote baba alipokwenda, mimi nilikuwa nyuma yake.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi, upande wa barabara wanakolaza malori. Siku moja alilala pale mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitoka Iringa. Alikuwa na kambi ndogo ya wageni ufukweni, kusini mwa Dar es Salaam, vibanda sita tu vya makuti. Asubuhi, wakati ananirudishia ufunguo, aliniuliza kama ningependa kwenda kufanya kazi kwake. Nilimpigia baba simu. Akasema, "Nenda, mama. Ila kila Ijumaa nisikie sauti yako." Aliniita mama tangu nikiwa mtoto, na bado ananiita hivyo.

Kambi ile ilikuwa karibu na rasi, ulimi wa mawe ulioingia baharini. Miezi ya kaskazi maji ya pale hutulia kama yako kwenye beseni. Lakini kusi inapoanza kuvuma, mawimbi hutoka mbali, hufika kwenye ncha ya rasi, hujipinda na kuanza kuvunjika kidogokidogo kutoka kwenye mawe kuelekea ndani ya ghuba. Si mawimbi makubwa. Lakini ni marefu, na hayana haraka. Wageni wawili watatu kwa msimu walikuja na mbao zao za kutelezea ili kuyapanda. Siku nyingine zote rasi ilikuwa ya mpishi wetu.

Mpishi alikuwa mwenyeji wa kijiji kile, amenizidi kama miaka kumi na tano, ana watoto watatu. Ubao wake ulikuwa wa mgeni aliyeuacha kwa sababu ulipasuka mbele. Yeye aliuziba kwa gundi ya mashua. Wiki yangu ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, nilimwona anatoka jikoni ameubeba kichwani, amevaa taiti nyeusi, shati la mikono mirefu, mtandio ameufunga nyuma ya shingo. Nilidhani anakwenda kuuosha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Najua. Nilijifunzia kwenye mfereji."

"Kwani ya mfereji si maji? Njoo."

Siku hiyo nilikunywa chumvi ya kunitosha mwaka mzima. Nilikwaruzwa na mwamba kwenye muundi, na aliponipaka limau jikoni niliuma kitambaa nisipige kelele, maana wageni walikuwa wameshakaa mezani wakisubiri chapati. Kesho yake nilirudi majini. Na keshokutwa.

Alinifundisha kwa maneno machache. Kwamba nisiogelee moja kwa moja kuyakabili mawimbi bali nizunguke pembeni, penye mkondo unaotoka nje, maji yenyewe yanibebe. Kwamba nikiwa nimelala juu ya ubao nitazame niendako, si puani pangu. Kwamba wimbi halikimbizwi. Unalisikiliza kwa tumbo, na ubao unapoinuka nyuma unapiga mikono mara tatu za mwisho, basi, unasimama. Zile mara tatu nilizifanya kwa miezi miwili bila kusimama.

Halafu asubuhi moja nilisimama. Nakumbuka vitu vya ajabu vya asubuhi ile. Nakumbuka kimya. Nilitarajia kelele, lakini kelele yote ilikuwa nyuma yangu, na mbele yangu kulikuwa na ukuta wa maji laini unaoinuka, unaoniruhusu. Chini ya miguu niliona mwamba unapita, na samaki wadogo wa njano. Nilikwenda hadi ghubani, mahali maji yanapofika magotini, na nilipoanguka niliketi palepale nikicheka peke yangu. Mpishi alikuwa bado kule nje. Aliinua mkono mmoja, akaushusha.

Misimu miwili ya kusi niliishi hivyo. Alfajiri majini, saa mbili jikoni, jioni kufua mashuka. Kijijini walituita "wale wawili", na baadhi ya kina mama walisema mbele yetu kwamba hiyo si kazi ya mwanamke mwenye watoto. Mpishi aliwajibu kwa adabu na kesho yake akaenda tena. Mimi kwa baba sikusema neno. Kila Ijumaa nilimweleza habari za wageni, za joto, za bei ya samaki. Niliogopa kwamba nikimwambia binti yake anakwenda baharini alfajiri na kipande cha ubao ataniambia nirudi.

Nilirudi bila kuambiwa. Jirani alipiga simu: baba ameanguka shambani, upande wa kushoto haufanyi kazi, mdomo umepinda. Kiharusi. Mpishi alinisindikiza hadi kituoni akiwa amenibebea begi. Hakusema pole nyingi. Alisema tu, "Nitakuwa nakutumia sauti yake." Sikumwelewa mpaka kesho yake, nikiwa hospitalini kando ya kitanda cha baba, ulipoingia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hapakuwa na maneno. Alikuwa ameinyoosha simu kuelekea rasi.

Nilikaa Tindiga miaka mitatu. Baba alijifunza tena kusema, kisha kukaa, kisha kutembea hatua chache kwa fimbo. Nilimwogesha, nilimpikia uji, nililima majaruba yake mawili ya karibu. Watu hudhani mpunga ukipigwa na upepo unafanana na bahari. Haufanani. Mpunga unainama na kurudi palepale. Hauendi popote wala haukupeleki. Nilijaribu kuuangalia kwa namna hiyo ili nijifariji, nikaacha.

Hamu yenyewe ilikuja kwa njia nisizozitarajia. Nikiwa nafua, ghafla mabega yalitaka kupiga maji. Nikiwa kisimani pale uani nikisubiri ndoo ijae, nilijikuta nimetanua miguu, magoti yamekunjwa, mikono imefunguka kidogo. Kusi ilipoanza kuvuma huko pwani nilijua bila kuambiwa, kwa sababu jumbe za mpishi ziliongezeka. Nilizisikiliza nikiwa nimejifungia chooni, maana nyumbani hapakuwa na mlango mwingine wenye komeo la ndani. Nilimpenda baba na nilitaka kuwa pale. Nilitaka pia kuwa kule, na hakuna siku hata moja ambayo hamu moja iliimaliza nyingine.

Masika ya mwaka wa tatu mto ulivunja kingo. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Maji yaliingia uani kimyakimya, yakafika kizingitini, na kabla sijamaliza kupandisha magunia juu ya kitanda yalikuwa magotini. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi; nilijua haitavumilia. Shule ipo kwenye mwinuko, mwendo wa dakika tano kwa siku ya kawaida. Baba hangeweza kutembea hatua hata kumi katika maji yale, na mimi singeweza kumbeba.

Niling'oa mlango wa jikoni, wa mbao nyepesi, nikaufunga madumu manne matupu chini yake kwa kamba ya ng'ombe. Nilimlaza baba chali juu yake.

"Unataka kunipeleka wapi?" akauliza.

"Shuleni, baba. Usiinue kichwa. Tazama juu tu."

Nje ya ua maji yalikuwa kifuani, yanakwenda kasi kuelekea mashambani. Shule ilikuwa mbele yetu, lakini mkondo ulivuka katikati. Niliona watu wawili wakijaribu kuukata moja kwa moja, wakarudishwa. Nikageuza mlango. Nikaenda nao mkondo, upande usiokuwa wa shule, nimelaza kifua kwenye ukingo wa mlango, miguu ikipiga maji nyuma, nikisogea pembeni kidogo kila baada ya pumzi. Baba alidhani nimechanganyikiwa. Alisema, "Mama, shule iko huku." Nikamwambia, "Najua. Maji yatatupeleka yenyewe." Tulivuka mkondo kwa mshazari, tukafika nyuma ya safu ya minazi michache ya jirani, maji yalikopungua nguvu, na kutoka hapo nikausukuma mlango taratibu hadi mwinuko. Mfugaji mmoja, aliyekuwa amewakusanya ng'ombe wake uwanjani, alishuka hadi kiunoni akanyoosha fimbo yake ndefu. Niliishika, akatuvuta.

Mchana ule tulikaa darasani na familia nyingine, tumejifunika kanga zilizolowa. Kutoka dirishani tuliiona nyumba yetu ikikaa chini, ukuta mmoja baada ya mwingine. Baba hakuilia. Aliniangalia muda mrefu kwa jicho lake la kulia, lile lenye nguvu.

"Nani alikufundisha maji namna ile?" akauliza. "Mimi sikukufundisha."

Nikamweleza. Nilianza na mpishi na ubao wake uliopasuka, nikamaliza na samaki wa njano. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, nikirudi nyuma. Nilipomaliza nilikuwa natazama sakafu.

"Unasimama kwa mguu upi mbele?" baba akauliza.

"Wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. "Ndiyo maana. Nilikuwa nakuona kisimani. Nikadhani ni ngoma fulani ya huko pwani, nikasema ataniambia akitaka." Kisha akaongeza: "Miaka mitatu, mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika," akasema. "Halafu ningeacha."

Hatukuijenga tena nyumba ya Tindiga. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi alinirudisha kazini na kutupa vyumba viwili vya uani. Baba alianza kukaa barazani kila asubuhi akitazama malori na mabasi, akijibu shikamoo za wapita njia. Mwezi wa saba alimwita shangazi yangu kutoka Magole bila kunishauri. Shangazi alifika na begi lake, akaniambia nitakwenda pwani siku saba na hataki kusikia maneno.

Nilipanda basi la kwanza la asubuhi. Mpishi alikuja kunipokea kituoni. Alikuwa amenenepa kidogo na goti moja lilimsumbua, lakini mtandio ulikuwa vilevile nyuma ya shingo. Tulishikana mikono kwa muda mrefu.

Bahari ilikuwa imelala. Sijui niseme vipi. Ilikuwa msimu wenyewe, upepo ulivuma, lakini hakuna wimbi lililofika rasini. Alfajiri ya kwanza tulikwenda na mbao mbili hadi nyuma ya mawe, tukakaa juu yake, miguu ikining'inia majini, tukasubiri hadi jua likawa kali. Alfajiri ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mpishi alileta mihogo ya kuchemsha ndani ya mfuko wa plastiki aliouning'iniza shingoni, tukala kule kule. Alinisimulia binti yake mkubwa alivyoolewa. Nilimsimulia mafuriko. Alinifanya nirudie mara mbili sehemu ya mkondo, ile ya kuzunguka pembeni, na mara ya pili aligeuza uso akatazama nchi kavu.

"Mimi nilikufundisha ili upate kucheza," akasema.

Siku ya sita nilipiga mikono kuelekea ufukweni polepole, nikijaribu kulazimisha kitu kwenye maji yaliyolala. Hakikuja. Siku ya saba nilipanda basi.

Tulikuwa tumesimama Chalinze, abiria wanashuka kujisaidia, simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimeegemea kioo cha dirisha. Kwanza ngurumo ndefu, halafu nyingine, halafu sauti ya mpishi, anahema: "Mdogo wangu, leo yamekuja." Niliurudia hadi Morogoro. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nimefiwa. Nilimjibu kwamba hapana, ila nimechelewa.

Nilifika Mikumi jua likiwa bado juu. Baba alikuwa barazani, amevaa kanzu safi, shangazi amemnyoa ndevu. Nilipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za safari. "Ulisimama?"

"Sikusimama. Hayakuja, baba. Yamekuja leo, nikiwa njiani."

Alifikiri. Lori la mafuta lilipita, tukasubiri lipite. Kisha akaniuliza ni miezi mingapi hadi kusi nyingine, na nikamwambia. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, na vilipokwisha akaushika wa kushoto, ule usiofanya kazi, akaendelea kuhesabu juu yake, kidole kimoja kimoja. Niliketi chini kando ya kiti chake nikavua viatu. Shangazi akatuletea chai.