Meza Moja na Mkwe Wangu, Kwenye Giza la Homa Bay

Samaki alikuwa tayari mdomoni mwangu nilipojua kwamba mtu anayekula mbele yangu ni mume wa binti yangu.

Sikuweza kutema. Sikuweza kumeza.

Nyinyi mnaosoma hii kwa simu, pengine kwenu si kitu. Kwetu Ndhiwa, mama mkwe hali meza moja na mkwe wake. Mkwe wangu Gordon akija kwangu anakula sebuleni, mimi nabaki jikoni hadi amalize. Ukivunja huo mwiko, chira inaingia nyumbani, ugonjwa wa kukausha watu. Na chira haishiki aliyekosea. Inaanza na mtoto.

Binti yangu Lynnet alikuwa na mimba kubwa wakati huo, baada ya zingine kutoka.

Aliyenipeleka huko ni mjukuu wangu Celestine, binti wa mwanangu mkubwa. Huniita Dana, yaani nyanya.

"Dana, twende Homa Bay tukule kwa giza. Ndiyo form siku hizi."

"Mimi nimekula kwa giza tangu nizaliwe," nikamwambia. "Stima imekuja juzi."

Akacheka, tukaenda.

Ilikuwa mchana, jua kali, lakini madirisha ya huo mkahawa yalikuwa yamezibwa kwa blanketi nyeusi. Ndani huoni hata kidole chako. Wanaopakua chakula ni watu wasioona, kwa hivyo hapo wao ndio wenye macho. Mmoja anayeitwa Levi aliweka mkono wangu begani kwake akaniongoza kama mbuzi anayepelekwa soko la Ogwedhi. Celestine akapelekwa meza nyingine, eti wageni wanachanganywa.

Nikakaa. Nikaomba kimoyomoyo. Nikaanza kula.

Ndipo nikasikia mwanamke mbele yangu akisema polepole, "Leta mkono. Hapo. Usiharakishe, utanizoea."

Mwanaume akajibu, "Nimeanza kuzoea."

Hiyo sauti naijua. Ndiyo inayobisha hodi kwangu kila Krismasi.

"Mke wako ameshajua?" mwanamke akauliza.

"Lynnet? Bado. Nitamwambia akishajifungua. Akijua sasa, hiyo mimba itatoka."

Wuololo.

Nifanye nini? Nikiongea, atajua maro wake, mama mkwe wake, anatafuna naye kwa meza moja. Nikinyamaza, huyu mwanamke anachukua nyumba ya mtoto wangu nikisikia. Kusimama pia siwezi, nitagonga vyombo. Nikabaki hapo na samaki shavuni kama mwizi.

Kisha Gordon akakohoa.

Akakohoa tena. Halafu ikawa si kikohozi, ikawa sauti ya mtu anayevutwa kamba shingoni. Sahani ikaanguka.

"Gordon? Ni mwiba?" mwanamke akauliza. "Levi, njoo. Levi."

Watu wakaanza kupiga kelele. Viti vinaanguka. Hakuna anayejua nani anakufa wapi.

Mimi nilijua. Alikuwa karibu nami kuliko mtu yeyote.

Na nikaogopa kumgusa. Naandika ukweli. Mtu anakufa, na mimi nawaza chira.

Halafu sauti yake ikaanza kupungua.

Nikafinyanga tonge la ugali, nikapapasa hadi nikapata uso wake. Nikamfungua mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, nikamsukumia ndani.

"Meza. Usitafune. Meza."

Akameza. Nikampiga mgongoni. Akavuta pumzi ndefu.

"Washeni taa," Levi akaita.

Taa ikawaka. Wote tukafunika macho kwa huo mwangaza.

Gordon peke yake hakufunika.

Alikuwa anatazama ile taa iliyo juu yetu, macho wazi kabisa, hapepesi. Akasema, "Asante, aliyenisaidia. Sasa waambieni wawashe taa."



Yule mwanamke kando yake ni mama wa rika langu, fimbo nyeupe imeegemea magoti yake. Anaitwa Phanice. Anafundisha watu wanaopoteza macho jinsi ya kula, kutembea, kushika jembe.

Akasema taratibu, "Gordon, nimesikia swichi. Taa imewaka, mwanangu."

Mkwe wangu akainua mkono mbele ya uso wake. Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Jana nilikuwa bado naona mwanga," akasema.

Hakujua niko hapo. Ningetoka kimya na mwiko wangu ungebaki mzima mbele ya watu.

"Gordon, ni mimi, maro wako."

Alishtuka, akataka kusimama kwa heshima. Nikamshika bega.

"Keti. Umeshakula kutoka mkononi mwangu, utakimbia nini tena? Maliza chakula, twende tumwambie Lynnet pamoja."

Lynnet alilia hadi nikaogopa mimba itatoka kweli. Haikutoka. Mtoto ni msichana, ananyonya vizuri. Wazee wengine wananiambia ningoje tu, chira ina subira.

Mimi pia nina subira.

Sijasema mtupe miiko. Ile ni heshima, na bado nakula jikoni mkwe wangu akija. Lakini heshima haikuwekwa ili mtu afe mbele yako ukiwa umekunja mikono.

Na jambo lingine. Gordon alikuwa anajikwaa mwaka mzima, na sisi tukasema ni pombe ya chang'aa. Mtu wako akianza kugonga milango, usimcheke. Muulize anaona nini.