Risasi ya Kulungu wa Posa

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Morogoro nikiwa mkahawani Xiaobei, huku China, nasubiri tambi za nyama ya kondoo. Alikuwa amefiwa na mkewe, na baada ya subira ndefu Mwenyezi Mungu alimfungulia mlango wa posa. Lakini baba wa mwanamke alitaka akaribishwe kwa nyama ya kulungu, tena kisu kimkute mnyama akiwa hai. Wapo wanazuoni wanaohalalisha mnyama aliyekufa kwa risasi iliyopigwa kwa Bismillahi. Mzee huyo hakuwafuata hao. Kama hakuna kulungu, hakuna mke.

"Kaka, kibali ninacho, na bunduki ni ile ile ya thelathini-sifuri-sita," alisema. "Dukani kuna risasi nyepesi, za kichwa cha greni mia na hamsini, na nzito za mia na themanini. Nichukue zipi?"

Ujanani tuliwinda pamoja, ndiyo maana aliniuliza mimi ninayehangaika na marobota ya nguo katika soko la Shahe. Kabla sijajibu, rafiki yangu wa Nairobi niliyeketi naye, ambaye kwao uwindaji umepigwa marufuku miaka mingi, aliiinamia simu.

"Mwambie atafute tatu-saba-tano, mzee. Amalize maneno."

"Hiyo ni ya nyati, bwana," nikamjibu. "Atachinja nini, kwato?"

"Basi hizo nzito. Uzito ni uzito."

"Kulungu si mkubwa hivyo. Kichwa kizito kitampita kama sindano, akimbilie kichakani akafie huko. Na huyo bibi harusi tutamwambia nini?"

Nikamchora kulungu kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikaweka alama begani. Mama mwenye mkahawa, Mwislamu wa hapa hapa China, alikuja akaitazama picha, akatikisa kichwa.

"Mei you," akasema, yaani hakuna, akanionyesha kondoo kwenye orodha ya vyakula.

Nilimshukuru, nikarudi kwenye simu. "Chukua mia na hamsini, zenye ncha laini. Zinafunguka mwilini. Piga bega, juu kidogo, aanguke alipo, kisha umuwahi."

"Na nikikosa?"

"Utaendelea kujipikia, inshallah."

Mdogo wangu alipopiga simu tena siku chache baadaye, sauti yake ilikuwa ya chini. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa amefuatana naye porini ili ajionee. Risasi ilifanya kazi yake: kulungu alianguka pale pale, bado anahema. Mdogo wangu akakimbia, akafika, akapapasa kiunoni. Sote tulishughulika na risasi, na hakuna aliyemkumbusha kubeba kisu.

"Ukafanyaje?"

"Nilisimama tu, kaka. Mzee akanipita mbio, akatoa chake kotini, akachinja mwenyewe."

Alhamdulillahi, nyama aliila bila swali hata moja, maana mchinjaji alikuwa yeye. Aliponawa mikono alisema posa ameikubali, ila ndoa ifungwe upesi, kabla bwana harusi hajaisahau na hiyo.