Mwita Majina wa Tume

Thankamani alipewa kazi kwa sababu ya koo lake. Miaka mingi alibangua korosho kiwandani hapa Kollam, kusini mwa India, na mle ndani, katika moshi na vishindo vya wanawake wakigonga maganda, asiye na sauti hasikiki. Kiwanda kilipofungwa, naye ameshafiwa na mume, akapata utarishi katika Tume ya Wanawake ya jimbo. Tume ikija kusikiliza mashauri kwenye ukumbi wa mji, karani humtajia jina pale mlangoni, naye hugeukia baraza wanakongoja wenye mashauri, akalipaza. Jina huitwa mara tatu. Asiyeitika, shauri lake linasogezwa mbele, na mwanamke aliyetoka mbali anarudi kwa yule yule aliyekuja kumshtaki.

Kwa hiyo Thankamani alikuwa na hila yake. Baada ya kuita mara ya pili alikuwa akikohoa, akijifunga sari upya, akiomba maji ya kunywa. Wengi waliochelewa wameokolewa na kikohozi kile. Nayasema haya mapema kwa sababu nampenda mama yule, na yanayofuata hayapendezi.

Asubuhi moja, akipanga viti, alimwona Rejitha, bintiye wa pekee, amekaa benchi la mwisho. Joto lilikuwa kali, lakini binti amevaa blauzi yenye mikono mirefu mpaka viganjani. Thankamani akaacha viti, akamwendea.

"Mwanangu, kuna nini? Kuna msiba?"

"Nimekuja kama wenzangu hawa."

"Kushtaki? Hapa, kazini kwangu?"

"Ulitaka niende wapi, mama? Kwako nimeshakuja mara mbili."

Thankamani akaangaza huku na huku kama mwizi. "Sema polepole. Watu wanasikia."

"Si ndiyo kazi yako, watu wasikie?"

Mara akaingia Sajeevan, mkwewe, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wa ndizi za kukaanga. Mwanamume huyu akiwa mbele za watu ni asali tupu. Akamsogelea mama mkwe na kumtilia mfuko mkononi.

"Umekonda, mama. Huli vizuri," alisema. Kisha akashusha sauti. "Wakikuuliza, sema nyumbani kwetu kuna amani. Mimi sikumfuata mtoto wako. Uliniletea mwenyewe mpaka mlangoni, na fenesi la zawadi juu yake. Aibu ikianza kugawanywa hapa, unadhani fungu lako litakuwa dogo?"

Mfuko ule Thankamani aliushika tu, hajui auweke wapi.

Shauri lao lilipofika, aliita "Rejitha!" kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje ale. Mke na mume wakaingia. Kwa kawaida Thankamani huwa hasikilizi ya ndani, ana yake ya baraza. Siku hiyo sikio lilikuwa mlangoni.

Mjumbe wa Tume, wakili Leelavathi, ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Sajeevan alimweleza kwa upole kwamba mkewe alijimwagia mafuta ya moto mkononi akikaanga samaki. Rejitha akasema si kweli, alimwagiwa.

"Ulikwenda hospitali?" mjumbe aliuliza.

"Siku ile alinifungia ndani, madam."

"Nani mwingine aliyeuona mkono huo ukiwa bado mbichi?"

Pangaboi lilikuwa likilia juu.

"Dada, nakusikia," mjumbe alisema. "Lakini kovu peke yake halinionyeshi nani alimwaga. Bila shahidi nitawapeleka kwa mshauri, mrudi nyumbani, tuonane baada ya sikukuu ya Onam."

"Nikirudi sifiki Onam," Rejitha alisema, wala hakulia.

Sajeevan akacheka kidogo. "Madam, mama yake mzazi ndiye aliyemrudisha kwangu. Ningekuwa mnyama, mama gani angefanya hivyo? Muulizeni. Hayuko mbali."

"Aitwe," mjumbe alisema. "Jina lake?"

Rejitha akalitaja. Karani, mzee Pillai, akanyanyuka akaja mlangoni, uso umesawijika. "Dada," alinong'ona, "mwite Thankamani."

Akageukia baraza. Wanawake wote walimtazama, kila mmoja akisubiri jina lake. "Thankamani!" Wakatazamana, nani huyo? "Thankamani!" Hapo ndipo palipokuwa na ule mwanya aliozoea kuurefusha. Ngazi zilikuwa mbele yake, kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Angeshuka tu, asiyeitika hayupo, na yote yangesogezwa mbele. Sijui alisimama kwa muda gani. Najua hakukohoa.

"Thankamani!" aliita, akajiitikia mwenyewe, "Nipo," akaingia.

"Uliuona mkono wa binti yako?" mjumbe aliuliza.

Sajeevan alimtazama kwa tabasamu, kama mtu ambaye ameshalipa.

"Niliuona. Juu ya kiwiko palikuwa na alama za vidole. Alishikwa kwanza, ndipo akamwagiwa."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilimpaka mafuta ya nazi. Nikamshonea blauzi hii, mikono mirefu, majirani wasione. Nikanunua fenesi, nikamrudisha."

Mjumbe aliweka kalamu chini. "Wewe, unayesimama pale mlangoni siku zote?"

"Mimi huyo huyo, madam. Nilimwambia avumilie." Akamgeukia karani. "Andika yote, mzee. Na fenesi uliandike."

Tabasamu la Sajeevan lilikwisha. Mjumbe alimwita askari wa kike, akaagiza binti apelekwe hospitali, kisha nyumba ya hifadhi, na polisi wafungue kesi siku hiyo hiyo.

Kule barazani Rejitha alikunja mikono ya blauzi mpaka juu, mbele ya benchi zote. Thankamani akanyoosha mkono.

"Usiguse, mama. Bado panauma."

Akaurudisha. Nyuma yao karani alikuwa ameshataja jina linalofuata. Thankamani alifungua kinywa, sauti haikutoka. Karani akarudia. Rejitha akamtazama mama yake, kisha akageukia baraza, akaliita jina lile yeye, kwa koo lile lile la kiwandani.