Baraka Kutoka Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika dispensari ndogo ya Mau Narok, nilimhudumia nyanya mmoja ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Malengelenge yalikuwa yamemtoka pembeni mwa mdomo.

"Yanarudi kila tukivuna ngano," alisema. "Na ni hapo hapo."

Kwa kuwa watu husema malengelenge ya mdomo huletwa na malaria, nikamwandikia dawa yake, kwa kujiamini kabisa.

Jioni, msimamizi wangu, Afisa wa Kliniki, alipitia kitabu cha wagonjwa. "Daktari," akanitania, "malaria inajuaje kurudi pembe ile ile ya mdomo?"

 Swali hilo lilinifanya nisome na kuuliza kwa miaka. Kumbe ni virusi. Wengi huvipata utotoni, navyo hujificha ndani ya neva, ule uzi unaopeleka hisia usoni, wala haviondoki. Jua kali, uchovu au homa ikivigutusha, hushuka kwa njia ile ile. Dawa ya acyclovir hufaa zaidi ikianza mdomo unapowasha tu, kabla ya lengelenge kutoka. Tuliwafundisha wavunaji kuvaa kofia pana, kutochangia vikombe na taulo, na kunawa mikono wakigusa kidonda, wasije wakagusa macho.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya wazazi mjini Nakuru. Asubuhi moja Gogo akaingia. Mkaza mwanawe alikuwa amejifungua, naye alikuja kumtemea mjukuu mate kidogo kwenye paji la uso, jinsi wazee wetu wanavyobariki. Mdomoni alikuwa na kidonda kibichi. Mtoto alikuwa na siku mbili. Virusi hivyo vingeweza kumuua. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Gogo, leo hapana. Hicho kidonda kinaambukiza."

"Si ni wewe uliniambia ni malaria?"

Akina mama wakaangua kicheko.

"Nilikosea, Gogo. Nisamehe."

 "Sasa mtoto akae bila baraka?"

"Mungu anasikia hata ukiwa mlangoni."

Akarudi mlangoni, akainua mikono, akabariki kwa sauti hadi Muuguzi Mkuu akaja kuuliza ni nani anahubiri. Watoto wote wa wodi walibarikiwa siku hiyo.

Sasa nimestaafu, na ninamshukuru Mungu hata kwa kosa lile. Juzi binti yangu alijifungua. Nilipoamka kwenda kumwona mtoto, mdomo wangu ulikuwa unawasha; nami ninavyo virusi hivyo tangu utotoni. Nikapaka dawa, nikaenda, nikakomea mlangoni. Nikainua mikono.